Uzi: Krimu za makunyanzi, geuzeni kopo msome nyuma kabla hamjatoa pesa

Binti Langoni (mwenye uzi)

Asalaam aleikum wana Lamu, wana Malindi na nyote mlioko mbali na nyumbani. Jambo hili limenikaa rohoni tangu Ramadhani, leo naliandika lote. Ni refu, mnivumilie.

Dada yangu mkubwa ana miaka 52. Mwaka jana, arusi ya mwanawe ikiwa imebaki miezi miwili, alijitazama kwenye kioo akaona makunyanzi kandoni mwa macho, na ile mistari miwili inayoshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo. Akaenda kwenye duka moja la vipodozi hapa pwani akauziwa kijikopo cha krimu kwa shilingi 1,500. Muuzaji akamwambia, "Bi mkubwa, siku tano tu utarudi kunishukuru." Na kweli, siku ya tano uso ulikuwa umetakata. Arusini kila aliyempa mkono alimwuliza anatumia nini. Basi akaendelea kupaka, asubuhi na jioni, miezi saba.

Mimi wakati huo nilikuwa Malindi. Nimesimama kaunta ya duka la dawa miaka tisa kabla ya kurudi nyumbani, kwa hiyo mambo ya makopo na tyubu nayajua. Siku niliyorudi nilimkuta ameketi barazani, jua la alasiri likimpiga upande mmoja wa uso. Nikaona vimishipa vyekundu vimetandaa shavuni kama nyuzi. Nikamgusa. Ngozi ilikuwa nyembamba, inateleza, na nilipoibana kidogo kwa vidole ilibaki na mkunjo kama karatasi ya sigara. Makunyanzi ya kandoni mwa macho yalikuwa mengi kuliko yale aliyotaka kuyaondoa. Akaniambia, "Nikitoka juani uso unawaka kama nimepakwa pilipili, na nisipoipaka siku mbili ndio hunizidi."

Nikamwomba anionyeshe. Kopo lenyewe mbele lina picha ya mwanamke na maandishi ya dhahabu, nyuma halina lolote. Bahati nzuri boksi alikuwa hajalitupa. Kwenye mkunjo wa chini, kwa herufi ndogo kama sisimizi, pameandikwa clobetasol propionate. Hiyo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, tena miongoni mwa zile kali kabisa za kupaka. Ni dawa ya haki, madaktari huiandika kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa siku chache na mahali padogo. Ukiipaka uso mzima kila siku, mwanzo hutuliza wekundu na kutakatisha rangi, ndiyo maana siku ya tano watu husifu. Baadaye huila ngozi kwa ndani, ikawa nyembamba, ikajikunja. Yaani dada yangu alinunua makunyanzi kwa pesa yake.

Ndiyo sababu ya uzi huu. Sitaki mwingine apite njia hiyo.

Ninavyochagua mimi, kwa mpango ninaoufuata:

Kwanza kabisa, jua. Krimu nambari moja ya makunyanzi ni ile ya kukinga jua, na najua wengi hamtaki kusikia hivyo kwa sababu haina ahadi tamu kwenye kopo. Lamu iko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta, Malindi 3. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha ukali wa miale ya jua. Kikifika 11 wanakiita cha kupindukia, na sisi hapa saa sita mchana siku nyingi tunafika huko. Miale iitwayo UVB ndiyo inayochoma. Ile ya UVA haichomi ukahisi, inaingia ndani zaidi na kukata kolajeni, zile nyuzi zinazoishikilia ngozi isilegee. Australia waliwafuatilia watu 903 wenye umri chini ya miaka 55. Kundi moja liliambiwa lipake krimu ya jua kila siku, jingine lipake likipenda. Baada ya miaka minne na nusu, dalili za kuzeeka kwa ngozi ya wale wa kila siku zilikuwa pungufu kwa asilimia 24 kuliko za wenzao. Matokeo yalichapishwa 2013. Hapo hakuna dhahabu wala lulu, ni krimu ya jua tu.

Kwenye tyubu tafuteni SPF, ndiyo namba ya kipimo cha kinga, iwe 30 au zaidi. SPF 15 huzuia asilimia 93 hivi ya UVB, 30 huzuia 97, 50 huzuia 98. Kwa hiyo msitoe pesa mara mbili kwa ajili ya 100. La muhimu zaidi ni herufi UVA ndani ya kiduara, kwa sababu SPF peke yake inapima UVB tu.

Kiasi ndicho kinachowashinda watu. Nyosha kidole cha shahada na cha kati, kamua mistari miwili kutoka shina hadi ncha. Hiyo ndiyo ya uso na shingo. Ukipaka tone la kupangusa tu, namba iliyoandikwa kwenye tyubu haikuhusu. Kwa kiasi hicho mililita 50 zitaisha kabla ya miezi miwili hata ukipaka mara moja kwa siku, kwa hiyo nunua ile utakayoweza kuinunua tena. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili.

Pili, unyevu. Vijikunyanzi vingi vidogo ni ukavu. Nawa uso, acha majimaji kidogo, paka krimu yenye gliserini au hata mafuta mazito ya kujipaka (petroleum jelly) kidogo usiku. Yanazuia maji yasitoke, na asubuhi vile vidogo vimefifia. Nimeona krimu za shilingi 6,000 ambazo viambato vyake vitatu vya kwanza ni maji, gliserini na mafuta hayo hayo.

Tatu ndiyo retinoli, ambayo ni jamaa ya vitamini A. Nitaieleza chini watu wakiuliza, kwa sababu ina masharti.

Ulizeni.

Kidosho wa Barani

Pole sana dada, na mpe pole bi mkubwa. Lakini mimi nauliza kwa nia njema, haya makunyanzi si mambo ya wazungu? Bibi yangu ana miaka 80 na uso wake bado umekaza. Sisi weusi ngozi yetu inajilinda.

Binti Langoni

Mdogo wangu, kuna ukweli hapo. Weusi wetu unazuia sehemu ya miale na ndiyo maana makunyanzi hutujia tukiwa tumekwenda umri kuliko wao. Kwetu jua huanza na madoa na rangi isiyolingana, kisha mikunjo. Lakini kuchelewa si kutofika.

Nikwambie nilichokifanya na nyanya yangu, ana miaka 78. Nilimwomba apandishe mkono wa kanzu. Ule upande wa ndani wa mkono, juu karibu na kwapa, ngozi ni laini kama ya mtu wa miaka 40. Kisha nikaweka kiganja chake mapajani mwangu nikatazama upande wa juu: madoa, mikunjo, ngozi kama karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa. Mtu ni yule yule, umri ni ule ule, sehemu moja ilifunikwa miaka yote na nyingine haikufunikwa. Jaribu na bibi yako leo. Jaribu na mkono wako mwenyewe.

Na wale wenye magari pia. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani walichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69 aliyeendesha miaka 28. Upande wa kushoto wa uso, ulio dirishani kwao, ulikuwa umejikunja mno kuliko wa kulia. UVA hupita kwenye kioo. Kwetu dereva hukaa kulia, kwa hiyo wenye matatu za Malindi na Mombasa shavu la kulia ndilo la kuangalia.

Ummu Saumu

Maashallah, tumefaidika. Bi Langoni, na liwa je? Sisi tumelelewa kwa liwa na singo. Mamangu hakujua krimu ya tyubu maisha yake yote.

Binti Langoni

Bi Saumu, liwa mimi naipenda na sitaiacha. Jiwe la kusagia la marehemu mama bado ninalo, na ule ubaridi wake ukiipaka uso baada ya jua hauna mfano. Harufu yake peke yake inanirudisha utotoni. Lakini nitakuwa nimekudanganya nikikwambia inaondoa kunyanzi. Inapoza na inanukia. Ikiwa nzito usoni huenda ikatia kivuli kidogo, ila hakuna aliyeipima namba kama SPF, kwa hiyo usiitegemee ukienda ufukweni Shela saa saba mchana.

Singo nayo, sugueni kwa upole. Ngozi yetu ikikwaruzwa huacha weusi mahali pale kwa miezi. Na nawaomba sana msitie ndimu. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi kisha ukatoka juani, yanachoma hadi malengelenge, na doa lake hukaa muda mrefu. Nimewapokea kaunta wasichana wawili wa namna hiyo, mmoja ilikuwa imebaki wiki moja aolewe.

Baharia wa Kipungani

Dada salaam. Mimi mwanamume, miaka 41, kazi yangu baharini tangu nina 15. Uso wangu watu hunikisia miaka 55. Nikipaka krimu wenzangu watasema nini sijui, lakini nataka kujua. Na zile za kuzuia jua nilizoletewa na mgeni zinanifanya uso kama nimepakwa chokaa.

Binti Langoni

Kaka yangu, karibu, na usimwonee mtu haya. Ngozi ya mwanamume ni ngozi. Wewe unapigwa mara mbili: jua linashuka na jingine linarudi kutoka chini. Povu la bahari hurudisha kama asilimia 25 ya miale, mchanga mkavu kama 15. Kwa hiyo kofia peke yake haitoshi ingawa ni lazima uivae, tena ya ukingo mpana pande zote, si kapelo.

Ile chokaa inatokana na zinki na titani, ni madini meupe yanayokaa juu ya ngozi. Yanakinga vizuri, lakini kwa rangi yetu yanaonekana. Una njia mbili. Tafuta ile isiyo na madini hayo, kioevu kisicho na rangi. Soma nyuma, ukikosa maneno zinc oxide na titanium dioxide itakuwa haina weupe. Au tafuta ile yenye rangi ya kahawia ndani yake. Hii ya rangi ina oksidi ya chuma, na inasaidia hata wenye madoa ya usoni kwa sababu inazuia mwanga wa kawaida pia. Chagua iliyoandikwa kuwa haitoki upesi kwa maji, na ukijifuta uso kwa kitambaa paka tena.

Na kama unavuta sigara, kaka, hiyo nayo inakata kolajeni.

Mama Wawili, Malindi

Dada fafanua hiyo retinoli. Nimeona kopo limeandikwa retinol mbele kwa herufi kubwa, bei 900. Nichukue?

Binti Langoni

Kwanza mama, una mimba au unatafuta mtoto? Kama ndiyo, acha kabisa jamii yote ya retinoli. Ukinyonyesha, muulize daktari.

Sasa nieleze. Mkubwa wa jamii hii ni tretinoini, dawa ya kuandikiwa na daktari. Ilianza kama dawa ya chunusi, Marekani waliiidhinisha 1971. Daktari mmoja wa ngozi wa chuo kikuu cha Pennsylvania, Albert Kligman, na wenzake wakaona wagonjwa wakubwa kwa umri ngozi zao zinakaza, na 1986 wakachapisha kwamba inapunguza uharibifu wa jua. Mpaka leo katika vitu vya kupaka hakuna chenye ushahidi mwingi kuliko hiki. Retinoli ya kopo ni mdogo wake. Ngozi inabidi iigeuze hatua mbili ndipo iwe dawa ile ile, kwa hiyo ni dhaifu zaidi na pia ni pole zaidi.

Namna ya kuanza: usiku tu, mara mbili kwa wiki. Uso ukauke kabisa. Kiasi cha punje moja ya mbaazi, uso mzima, usikaribie kope wala pembe za mdomo. Juu yake krimu ya unyevu. Wiki za mwanzo utabambuka na kukauka, ndipo wengi huacha au huongeza wakidhani haifanyi kazi. Usiongeze. Ngozi yetu ikiwashwa na kuvimba hubaki na madoa, kwa hiyo kwetu pole pole si hiari. Ikikuzoea nenda mara tatu, kisha usiku mmoja na kuacha mmoja. Wiki 12 ndipo uanze kutazama kioo kwa hesabu. Na asubuhi krimu ya jua, bila hiyo usianze.

Hilo kopo la 900 ligeuze. Viambato huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kwanza. Retinoli ni kali, huwa chini ya asilimia 1, kwa hiyo kuiona karibu na mwisho si kosa. Niasinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, ndiyo ungetaka uione juu juu, maana inafaa kwa asilimia 4 au 5. Kisha tazama chombo. Retinoli na vitamini C huharibiwa na hewa na mwanga. Kopo la mdomo mpana unalofungua kila siku na kutia kidole, kwa joto la Malindi, dawa itakuwa imekufa kabla hujafika nusu. Tafuta tyubu au chupa ya kubonyeza. Vitamini C ikigeuka rangi ya kahawia ishaharibika. Mimi zangu naziweka kwenye kidaka cha chumba cha ndani, kuta za mawe zinatunza ubaridi.

Pwani Glow

Mimi nauza krimu za kolajeni na wateja wangu wanaridhika. Usiharibu biashara za watu. Kolajeni ikipungua si unairudisha kwa kuipaka?

Binti Langoni

Ndugu yangu, sina ugomvi na riziki ya mtu. Lakini chembe ya kolajeni ni kubwa mno. Vitu vinavyopenya ngozi kwa kawaida ni vile ambavyo uzito wake hauzidi dalton 500 (ndicho kipimo cha uzito wa chembe), kolajeni ni kama 300,000. Haipiti. Inabaki juu, inashika maji, ngozi inalainika, na hapo wateja wako wana haki ya kuridhika. Wauzie kama krimu ya unyevu, kwa bei ya krimu ya unyevu. Kumwambia mama aliyeuza mahamri wiki nzima kwamba itajaza kolajeni yake, hapo ndipo nakataa.

Mgeni wa Casuarina

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya Mtaliano. Mama mwenye nyumba ameniachia krimu yake, anasema aliinunua zaidi ya euro 100. Si itakuwa bora?

Binti Langoni

Bei haipenyi ngozi. Tafuta nyuma kialama cha kopo lililofunguka, ndani yake pana 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu lilipofunguliwa. Muulize alilifungua lini. Likiwa ndani ya muda, lijaribu kidogo nyuma ya sikio siku tatu kabla hujalitia usoni.

Ummu Saumu

Na zile zisizo na maandishi, tutazijuaje?

Binti Langoni

Bi Saumu, isiyo na orodha ya viambato usiinunue, hata akikuuzia jirani. Majina ya kukimbia ni haya: chochote kinachoanza na clobetas au betametha, hizo ni steroidi. Hydroquinone, ile ya kujichubua. Na zebaki, ambayo huandikwa mercury, mercuric, mercurous au calomel. Hydroquinone na zebaki Kenya imezipiga marufuku kwenye vipodozi tangu 1998, lakini mkorogo bado unauzwa. Zebaki inaharibu figo, na hubaki kwenye taulo na mikono ikamfikia hata mtoto unayemlea. Kuna dalili moja sisi watu wa dhahabu na fedha tuishike: kopo likikuonya lisiguse vidani vya dhahabu, fedha wala sufuria ya alumini, hiyo ni dalili ya zebaki. Mwenye bangili asiseme nitavua tu. Rudisha kopo.

Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, pia iangalieni, namba iliyo chini yake mnaweza kuituma kwa ujumbe 20023, mkitanguliza SM#, muone ni ya bidhaa ile au imebandikwa tu.

Kidosho wa Barani

Nimejaribu na bibi. Mkono wa ndani na wa nje. Nimenyamaza. Na bi mkubwa wako sasa yuko vipi?

Binti Langoni

Asante kwa kumwuliza. Daktari wa ngozi alimkataza kuacha kwa ghafla, kwa sababu uso ulikuwa umeshazoea na ungelipuka. Alimshusha hadi steroidi dhaifu, kisha siku moja na kuacha moja, kisha akaimaliza. Mwezi wa kwanza baada ya kumaliza ulikuwa mgumu, uso ulivimba na kuwasha hata akawa hatoki, akitoka anavaa ninja ya kufunika uso. Nilikuwa namkanda kwa kitambaa cha maji baridi usiku. Sasa ni miezi mitano. Moto umetulia, ngozi imeanza kuwa nzito tena ukiigusa. Vile vimishipa bado vipo, daktari anasema baadhi havitaondoka. Anapaka vitu viwili tu, krimu ya unyevu isiyo na manukato na krimu ya jua yenye rangi. Retinoli hapana, si mwaka huu.

Jana alinyosha vidole viwili, akakamua mistari, akaniuliza kama kipimo ni sawa. Mstari wa kidole cha kati ulikuwa mfupi kidogo. Nikamwongezea.